Amri Moja, Mlima Mara Mbili

Wenzangu ofisini wanasanidi redio za mtandao, zile za kurusha intaneti hewani, kwa kipanya. Mimi nilikuwa nawaita watoto wa kubofya. Mimi ni mtu wa skrini nyeusi bwana: andika amri, gonga enta, kunywa chai.

Ijumaa saa tisa alasiri, loji moja pande za Capri Point hapa Mwanza ikapiga simu: intaneti inasuasua. Redio inayotuunganisha nao, ya kampuni ya MikroTik, iko juu ya bati la bibi mmoja mlimani Igogo, maana pale ziwa lote unaliona. Nikaingia kwa SSH, njia ya kukiandikia amri kifaa kilicho mbali, nikakuta ina siku 211 haijazimwa. Nikasema imechoka hii, niipumzishe sekunde mbili.

/interface wireless disable wlan1

Enta.

Mshale ukaganda. Nikagonga enta tena, safari hii kwa nguvu, kana kwamba kishindo cha kidole kingefika Igogo. Kimya. Ndipo akili ikanirudia: amri ya kuiwasha inapita kwenye redio ileile niliyoizima. Nimekata tawi nililokalia.

Na dawa ilikuwepo. Ukibonyeza Ctrl+X kabla ya kuanza, unaingia hali salama. Mawasiliano yakikatika, kifaa chenyewe kinafuta uliyoyabadili. Vitufe viwili! Lakini si nilikuwa nasema ni vya waoga?

Meneja wa loji akapiga. "Fundi, sasa imekufa kabisa. Afadhali ile ya kusuasua."

Nikampigia bibi. "Shikamoo bibi. Samahani, kile kiboksi cheusi nyuma ya runinga, kinachoilisha redio umeme, naomba ukichomoe umeme, uhesabu mpaka kumi, urudishe."

"Marahaba. Nimehesabu mpaka ishirini. Taa inawaka."

Taa iwake isiwake, nilikuwa najidanganya. Vifaa vingine vya mtandao husahau ulichobadili usipokihifadhi. Hii ukishagonga enta imeandika, na hata uizime mara mia inaamka na jibu lilelile.

Bodaboda akanishusha barabara ilipoishia. Kuanzia hapo ni mawe, ngazi, na mawe tena. Pimbi wawili wamejilaza juu ya jabali wananitazama kama wazee wa baraza. Nikafika natweta, nikapiga magoti nyuma ya runinga, nikatoa waya wa mtandao, nikaanza kuizungusha laptopu kutafuta tundu la kuuchomeka.

Nikaizungusha tena.

Laptopu yangu mpya, nyembamba ya kujidai, haina tundu hilo. Adapta yake nimeiacha ofisini, mezani, karibu na chai.

"Vipi, imegoma?" bibi akauliza.

"Hapana bibi. Nakuja sasa hivi."

Huo "sasa hivi" ulikuwa saa moja na nusu. Narudi jioni, pimbi wameongezeka, wako watano. Nikachomeka adapta, nikaingia, nikaandika amri ileile, ila mahali pa disable nikaweka enable. Enta. Bibi alikuwa amesimama nyuma yangu, kanga begani.

"Ndiyo kazi yenyewe hiyo?"

"Ndiyo bibi."

"Neno moja?"

Sikujibu. Simu ikaniokoa, meneja wa loji.

"Fundi, hongera, imerudi!"

"Asante, bosi."

"Ila bado inasuasua."