Lafudhi si cheti cha kuzaliwa

"Kwenu ni wapi?"
"Mombasa."
"Hapana, nauliza kwenu kabisa."

Aliyewahi kukaa kwenye benchi la ofisi ya usajili wa watu hapa Pwani anayajua mazungumzo haya na anajua yanakoelekea. Karatasi zote zipo: cheti cha kuzaliwa, nakala za vitambulisho vya wazazi, barua ya chifu yenye muhuri. Ila ofisa ameshaacha kusoma, sasa anasikiliza. Kijana akisema "ndoo hapa" badala ya "njoo hapa", au "ndia" badala ya "njia", au Kiswahili chake kikiwa kimenyooka kuliko alichozoea ofisa, swali hugeuka: wewe si mtu wa ng'ambo ya mpaka wewe?

Nina hoja moja tu. Kiswahili ni lugha ya taifa, na mgeni anayetaka kuwa Mkenya ana wajibu wa kukijua. Lakini jinsi mtu anavyokitamka haithibitishi uraia wake wala haiukanushi, na ofisa anayepima uraia kwa sikio anafanya kazi ambayo sheria haikumpa.

Tuanze na sheria yenyewe, maana wengi wanaogombana juu ya jambo hili hawajaisoma. Katiba ya 2010 ina milango miwili ya uraia. Mlango wa kwanza ni Ibara ya 14, uraia wa kuzaliwa. Kinachoulizwa hapo ni kimoja: siku uliyozaliwa, baba au mama yako alikuwa raia wa Kenya? Kama ndiyo, wewe ni raia, hata ungezaliwa Muscat, hata usingejua neno la Kiswahili. Mlango wa pili ni Ibara ya 15, uraia wa kuandikishwa, kwa mtu aliyeoana na raia kwa miaka isiyopungua 7 au aliyeishi nchini kihalali kwa miaka 7 mfululizo. Ni kwenye mlango huu wa pili tu ndipo lugha inapoingia. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inamtaka anayeomba kwa njia ya kuishi nchini aweze kufahamu na kusema Kiswahili au lahaja ya hapa nchini, pamoja na masharti mengine: awe ametimiza miaka 18, asiwe amehukumiwa kifungo cha miaka 3 au zaidi, ajue haki na wajibu wa raia.

Basi kosa linalotendeka ni la kuchukua sharti la mlango wa pili na kulisimamisha kwenye mlango wa kwanza. Mtoto wa Mkenya, mwenye cheti, anapimwa ulimi kama mhamiaji.

Limetoka wapi? Sheria ya Usajili wa Watu, Sura ya 107, inataja mambo yanayoandikwa kwa kila anayesajiliwa: jina kamili, jinsia, tarehe na mahali pa kuzaliwa, kazi, makao, alama za vidole, na "kabila au asili". Sheria hiyo hiyo inamruhusu ofisa kudai ushahidi zaidi. Vitu hivi viwili vikikutana, kabila na ushahidi zaidi, ndipo kamati za kuwapiga watu msasa, yaani kuwahoji kama kweli ni Wakenya, zilipopata nafasi. Februari 2025 Rais William Ruto alitia sahihi tangazo la kuuondoa msasa huo, akiwa Wajir. Ilikuwa hatua njema na iliyochelewa sana. Lakini nafasi ya kabila kwenye fomu haikuondoka, na mtu wa Mji wa Kale akiandika "Mswahili" bado anaulizwa: Mswahili wa wapi?

Swali hilo lina jibu zuri kama muulizaji yuko tayari kulisikia. Wenyeji wa Mombasa hujiita Thenashara Taifa, taifa kumi na mbili. Tatu ni Wakilindini, Wachangamwe na Watangana. Tisa ni Wamvita, Wajomvu, Wamtwapa, Wakilifi, Wapate, Wafaza, Washaka, Wakatwa na Wagunya. Yasome majina hayo taratibu. Wapate wametoka Pate, Wafaza wametoka Faza, Wakilifi wametoka Kilifi. Wenyeji wenyewe wa mji huu wamebeba anwani za walikohama, na hakuna aliyewataka wazifute ndipo wawe watu wa Mvita, yaani Mombasa. Baadaye wakaja Wabulushi na askari wa Oman, wakaja Mabohora, Waislamu wa asili ya India, na biashara zao, na mwaka 1875 wakaletwa Frere Town watu waliokombolewa utumwani, wazee wa Kisauni ya leo, pale Kengeleni. Kila aliyekuja aliacha neno. Leso tunayojifunga na meza tunayoandalia chakula ni maneno ya Kireno. Chapati iliyo juu ya meza hiyo ni ya Kihindi.

Sasa njoo kwenye lafudhi yenyewe, kwa sababu hapa ndipo ujinga unapofanya madhara. Mkutano wa kuchagua Kiswahili sanifu ulifanyika Mombasa, mwaka 1928, na lahaja iliyochaguliwa ikawa Kiunguja. Kimvita, lahaja ya mji uliowapokea wajumbe, kikaachwa nje ya vitabu. Toka hapo mtoto wa Kibokoni akiandika "mtanga" kwa mchanga, au "matozi" kwa machozi, anatiwa alama nyekundu. Anatofautisha paa la nyumba na p'aa wa mwituni kwa pumzi tu inayotoka mdomoni, jambo ambalo maandishi sanifu hayana hata alama yake, na hakuna anayempa sifa kwa hilo. Wakati huo huo Kiswahili tunachotahini kidato cha nne, Kenya nzima, msingi wake ni Unguja. Matokeo yake ni haya: anayesema Kimvita cha nyumbani anaambiwa hajui Kiswahili, na anayesema sanifu safi anaambiwa ni Mtanzania. Hakuna namna ya kufungua mdomo ikakuokoa.

Mpaka nao haukuchorwa kwa kufuata ndimi za watu. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana ardhi kwa mstari uliopigwa kutoka mlango wa mto Umba kuelekea bara. Wadigo wakabaki pande zote mbili. Kivumba cha Vanga na Wasini kiko umbali mfupi wa jahazi kutoka Tanga. Mvuvi wa Vanga akizungumza kama binamu yake wa upande wa pili, amezungumza kama babu yake, aliyekuwapo kabla ya huo mstari.

Atakayedai kwamba lafudhi angalau ni dalili, namwomba aitazame Barawa. Huko Somalia wako watu ambao lugha yao ya kuzaliwa ni Chimiini, lahaja ya Kiswahili. Miaka ya 1990, vita vilipowasukuma wakafika Mombasa, walikuja na Kiswahili cha mama zao na walikuwa wakimbizi, si Wakenya. Upande wa pili, mchungaji wa Mandera ambaye ukoo wake wote ni wa Kenya anaweza asiunganishe sentensi tatu za Kiswahili. Ukimpima kila mmoja kwa sikio, utampa kitambulisho asiyestahili na kumnyima mwenye haki. Kipimo kinachokosea kwa wote wawili hakifai hata kuwa dalili.

Wamakonde na Wapemba ndio waliolipa gharama hii kwa miaka mingi. Wamakonde walianza kuja kutoka Msumbiji enzi za ukoloni kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, wakazaa na kuzika Kwale. Oktoba 2016 walikwenda Nairobi kudai vitambulisho, na mwaka uliofuata wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Wapemba wa Kwale na Kilifi, ambao Kiswahili ndicho walichonyonya, walisubiri mpaka 2023. Bila kitambulisho husajili laini ya simu, na bila laini huna M-Pesa. Hufungui akaunti, hupati leseni ya kuvua kwa jina lako, hupigi kura. Samaki anavuliwa na mmoja na kuuzwa kwa jina la mwingine, na mwenye jina ndiye anayepanga bei. Watu waliokijua Kiswahili kuliko waliokuwa wakiwahoji waliishi hivyo tangu kabla ya uhuru.

Na tusijifanye kosa hili ni la maofisa pekee. Sisi wa Mombasa tunamcheka mtu wa bara anayechanganya "r" na "l", au anayesema "sauri" akikusudia shauri. Tunamwita mgeni hata akiwa amezaliwa Changamwe na wazazi wake wako Mikindani tangu reli iwaajiri. Agosti 1997, Likoni, watu waliuawa na maelfu wakafurushwa kwa sababu walihesabiwa kuwa wabara. Anayedai asipimwe kwa ulimi wake huko ofisini hana haki ya kumpima jirani yake sokoni Kongowea.

Je, basi lugha isipimwe kabisa? Ipimwe, kwa anayeandikishwa, na ipimwe vizuri. Ujerumani mwombaji anatakiwa kufikia kiwango cha B1 cha lugha, yaani cha kujieleza katika mambo ya kila siku, kisha anajibu maswali 33 kuhusu nchi kwa dakika 60, na akipata 17 amefaulu. Hazina yote ya maswali, 310, imewekwa hadharani. Mtu anatoka nyumbani akijua atapimwa nini. Sheria yetu inasema "aweze kufahamu na kusema", na haitaji kiwango, wala muda, wala atakayempima. Mwanya huo ndio unaojazwa na sikio la ofisa. Halafu mtu huyo huyo anayetakiwa ajue Kiswahili anapewa fomu ya Kiingereza aijaze. Ibara ya 7 ya Katiba inasema lugha zote mbili ni rasmi, na ya taifa ni Kiswahili peke yake. Kuanzia hapo ni kuchapa fomu ya Kiswahili tu.

Mtihani wenyewe usizidi dakika 20. Mwombaji asomewe maelezo ya zahanati: vidonge viwili, mara tatu kwa siku, baada ya kula, kwa siku tano. Kisha aulizwe atameza vingapi kwa jumla na lini. Aeleze kwa chifu jinsi simu yake ilivyoibwa kivukoni Likoni, na chifu amkatize kwa maswali, kama inavyokuwa kweli. Ataje haki tatu za mtu aliyekamatwa. Akieleweka, amefaulu. Asiulizwe methali, asiulizwe ngeli. Ukiwauliza Wakenya kumi wa kuzaliwa wingi wa "uteo", sijui kama watatu watakuambia "teo". Wapimaji wawe wawili, mmoja asiwe wa Pwani, na mahojiano yarekodiwe, ili anayekata rufaa na anayeikataa wote wawe na kitu cha kusikiliza. Lahaja zikubaliwe bila mjadala, maana sheria imezitaja yenyewe.

Kwa wenye haki ya kuzaliwa, vita vingi huanzia kwenye tahajia, na hapo mtu anaweza kujikinga. Mama anajifungua, karani anauliza jina, anaandika alivyosikia. Kitambulisho cha baba kinasema Mohamed, cheti cha mtoto kinasema Muhammad. Mama ni Khadija, cheti kinasema Hadija. Mwanaisha anakuwa Mwana Isha, maneno mawili, na jina la babu linapotea. Miaka 18 baadaye tofauti ya herufi moja inakuwa sababu ya kuulizwa kwenu kabisa ni wapi. Siku ya kuandikisha mtoto nenda na vitambulisho vyenyewe, uvionyeshe badala ya kutamka, na usome kilichoandikwa kabla ya kuondoka. Kosa likishaingia, rekebisha cheti cha kuzaliwa kwanza, kwa hati ya kiapo, ndipo uombe kitambulisho. Anayeanza na kitambulisho hulihamisha kosa mpaka kwenye pasipoti.

Na ukikataliwa ilhali karatasi zimetimia, usiondoke na jibu la mdomo. Ibara ya 47 ya Katiba inampa kila aliyeathiriwa na uamuzi wa ofisi ya umma haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Omba barua hiyo kwa heshima, kwa jina lako kamili na tarehe, na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Ofisa anayesema "lafudhi yako si ya hapa" atakawia sana kuliandika neno hilo juu ya karatasi yenye nembo ya serikali. Akiliandika, ipeleke mahakamani kama ilivyo.