Jiko Lisilokula Umeme

Nyumba yetu ya kupanga ina vyumba sita na LUKU moja, ile mita ya umeme wa kulipia kabla. Uniti zikiisha mapema, macho yote yanamgeukia mama wa chumba namba tatu, kwa sababu ndiye mwenye jiko la koili. Jumamosi moja nikajitolea kumaliza maneno kwa hesabu. Hilo lilikuwa kosa la kwanza. La pili lilitoa cheche.

Kibandiko cha jiko kilisema wati 1000, lakini hayo ni maneno ya kiwandani. Mimi nilitaka ya uani petu. Nikatoa multimita yangu, kile kifaa cha mkononi cha kupimia umeme. Volti ni rahisi: waya mweusi wa mita hiyo kwenye tundu la COM, mwekundu kwenye tundu la V, kitasa kwenye volti 750 za AC, ncha mbili ndani ya soketi. Nikapata 226.

Ampea ndizo zenye kazi, maana umeme wa jiko lazima upite ndani ya mita yenyewe. Nikachukua ekstensheni kuukuu, nikaichomoa ukutani kwanza, nikakata waya wa kahawia peke yake, nikaiunga mita katikati ya vipande viwili na kuzungushia soletepu. Waya mwekundu nikauhamishia kwenye tundu la 20A. Lishike hilo tundu, tutarudi kwake. Jiko likawashwa, mita ikasoma 4.1, nikazima haraka, kwa sababu mita hizi za bei poa hazipendi kubebeshwa ampea nyingi kwa muda mrefu.

Nikaandika ukutani kwa mkaa. 226 gawanya kwa 4.1: ukinzani, yaani jinsi koili inavyoubania umeme, omu 55.1. 226 mara 4.1: wati 927. Uniti moja ni wati 1000 kwa saa moja, kwa hiyo maharage ya saa mbili, uniti 1.85.

"Omu hamsini na tano?" mama akashika kiuno. "Mimi dukani nilinunua jiko. Hizo omu mmenitilia nyie."

Nikamwambia omu si dhambi. Zikipungua ndipo jiko linakula zaidi. Koili ikikatika, ukaikata kipande na kuiunganisha fupi ukidhani unabana matumizi, zikibaki nusu ya omu zake za mwanzo unapata wati mara mbili. Baba wa chumba namba tano akakohoa na kutazama pembeni. Koili ya kwake tulishawahi kuiona.

"Basi jioni je, umeme ukiwa mdogo?" mama akauliza. Swali zuri, na hapo ndipo kichwa kikanivimba. Nikaeleza kwamba omu za koili hazibadiliki sana, kwa hiyo volti zikishuka hadi 190, ampea nazo zinashuka hadi 3.45, na wati zinabaki 655. Volti zimepungua asilimia 16, wati zimepungua asilimia 29, kwa sababu zimepigwa pande zote mbili. Ndiyo maana maharage ya jioni hayaivi. Watu wakaguna kwa heshima. Kijana mmoja akasema, "Fundi, sasa hivi ni jioni. Hebu pima."

Nikachomoa mita kwenye ekstensheni, nikazungusha kitasa hadi volti 750 kwa madaha, nikachomeka ncha mbili kwenye soketi.

PAA!

Waya mwekundu ulikuwa bado kwenye tundu la 20A. Tundu lile halijali kitasa kimeelekea wapi. Ndani yake kuna kipande cha waya mnene chenye ukinzani wa kama omu 0.01 kwenda COM, na kwenye mita yangu halina hata fyuzi. Kwa hiyo ni kama nilikuwa nimeunga laivu na nyutro, waya unaoleta umeme na unaourudisha, kwa msumari. Kwenye karatasi, 226 gawanya kwa 0.01 ni ampea 22,600. Nyaya za nyumba na za nguzo huzipunguza sana. Tuseme nusu omu kwa jumla, ni ampea 452, na breka ya 32A haikai kujadiliana na hizo. Ncha nyekundu iliyeyuka ikawa kama kiberiti kilichotumika, soketi ikapata masizi, nyumba nzima giza. Chumba namba moja walikuwa wanatazama mpira, dakika ya 80. Goli tulilisikia kutoka kwa majirani.

Breka iliporudishwa, akaletwa fundi wa mtaa wa pili na klampu mita, kile kifaa cha kung'ata waya bila kukata kitu. Jiko likawashwa. Akang'ata waya wa jiko mzima mzima, na ganda lake la nje.

"0.00," akasoma.

Vigelegele! Nikafungua mdomo kueleza kwamba klampu inang'ata waya mmoja tu, kwamba ukiibana laivu na nyutro pamoja, umeme unaokwenda na unaorudi unafutana usumaku, lazima isome sifuri hata kwa...

"Fundi, wewe pumzika," akasema baba wa chumba namba tano, akiinua ile ncha yangu iliyoungua ili kila mtu aione.

Saa tatu usiku mlango wangu ukagongwa. Mama kasimama na sahani ya maharage ya nazi, yanafuka moshi.

"Kula, mwanangu. Haya hayakula umeme."