Dereva wa Nyumba Isiyo na Gari

Jamani, kulipa dereva nimezoea: daladala ya Mbagala asubuhi, bodaboda usiku. Ila huyu wa ndani ya kompyuta kanikuta sijajipanga.

Jumamosi nacheza gemu la mpira na Hamisi, mtoto wa jirani, darasa la sita, kashanipiga tatu bila. Mara nyasi zikawa zambarau, golikipa wangu kabaki macho na meno, uso hana. Gemu likajifunga lenyewe, pap! Nikasema, "Unaona? Draiva hiyo, siyo mimi."

Mama Salma akadakia toka jikoni: "Dereva gani, na gari hatuna?"

Nikamweleza kwamba draiva ni programu, mkalimani kati ya Windows na kadi ya grafiki, kile kifaa kinachochora picha za skrini. Ikiwa ya zamani, gemu jipya likisema kijani, yenyewe inatafsiri zambarau.

"Na huyo mkalimani anakula nini?"

Anakula bando! Draiva ya NVIDIA, kampuni ya kadi yangu, inazidi MB 500, mimi nina GB 1, na watoto walishaichota kwa katuni. Asilimia 92, bando kwisha. La pili nikanunua kwa hela ya mboga. Msimwambie.

Nikaanza kusakinisha. Skrini inazima, inawaka (hiyo kawaida, msishtuke), halafu giza nyumba nzima. LUKU imeisha! Kuja kuiwasha kompyuta, draiva haikumaliza kuingia, aikoni zimenenepa kama chapati za futari.

Jumapili nikamwita fundi. Akaiwasha kwa sefu modi (Windows na vitu vya lazima tu), akafuta draiva kuukuu zote kwa DDU, programu ya kung'oa draiva, ndipo akaweka mpya. Kisha akafungua kasha, akapuliza feni. Vumbi lililotoka humo, ungechanganya na saruji ungefyatua tofali. Eti joto nalo linatia madoa kwenye picha na kuzima gemu, na Dar hii, tena chumba cha bati! Akaniachia na siri: draiva mpya ikileta kisirani, unaingia Device Manager, humo humo kwenye Windows, unarudisha ile ya mwanzo, bure. Ya bure kaisema akiwa ameshatia elfu kumi na tano yangu mfukoni.

Sasa nyasi kijani, golikipa ana uso mpaka jasho linaonekana. Hamisi akaja baada ya magharibi. Sita bila.

"Anko, leo draiva imefanyaje?"

Nikamwambia kitufe cha pedi kinanasa.