Sikunywa dizeli, nilionjeshwa

Kwanza nikanushe. Yule jamaa yangu anayesambaza kwenye magrupu kwamba nimekunywa nusu lita ya dizeli ni mwongo. Lilikuwa funda moja, na nusu yake nikaitema. Nusu nyingine tuiache.

Nina vani yangu ya dizeli. Juzi nikabadilisha filta ya dizeli mwenyewe, maana ni kufungua na kufunga tu, ufundi gani hapo? Ukimaliza unatoa upepo ulioingia humo: unalegeza skrubu juu ya filta, unaminya pampu ya mkono, mapovu yanatoka, dizeli ikija safi unakaza. Niliminya mpaka pampu ikawa ngumu na dole gumba likafa ganzi. Gari ikawaka. Nikajipongeza kwa sauti. Dakika haijaisha, ikakohoa, ikazima.

Nikarudia. Ikawaka, ikazima. Mara ya nne nikaona pembeni ya filta pamelowa kidogo, nikapafuta na kitambaa: si ni ile niliyoimwaga mwenyewe? (Pashikeni hapo.)

Nikatoa hukumu: upepo umefika kwenye nozeli, zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini. Dizeli za zamani hewa ikikaa kwenye bomba la nozeli, pampu inaishia kuibana hewa yenyewe, nozeli haifunguki. Dawa yake unalegeza nati za yale mabomba, mtu anapiga stata, hewa inatoka. Wenye komon reli, yaani dizeli za kisasa, msithubutu, presha yake inatoboa ngozi. Jamaa nikamweka kwenye usukani. Boneti iko juu, hanioni, simwoni. Tukapatana: nikisema "washa", apige stata, nikisema "acha", aache.

Hebu yasemeni hayo maneno mawili huku stata inalia. Washa. Acha. Mmeona?

Nati ya nozeli inatosha kulegezwa nusu mzunguko. Mimi na spana yangu 17 nililegeza mpaka ikawa inacheza. "Washa!" Stata ikaguna. Nikainama nione mapovu, pua shubiri moja tu kutoka kwenye nati. Povu likachungulia, likapasuka. Likaja la pili. Halafu tone safi, la manjano, linang'aa, zuri kabisa. Nikafurahi mimi! Nikafungua mdomo niseme acha.

Ile "a" ilitoka vizuri. Kwenye "cha" dizeli ikaruka, ikapita katikati ya meno kama imeelekezwa njia.

Sasa mtu mwenye dizeli mdomoni hatamki "ch". Nilipiga kelele "acha" kwa nguvu zangu zote, kikatoka kitu kama "washa". Jamaa yangu, ambaye maisha yake yote hajawahi kunisikiliza, siku hiyo akawa mtiifu. Chu! Jicho la kushoto. Chu! Sikio. Chu! Ndani ya kola, ikateremka mgongoni taratibu, ya uvuguvugu. Nikapeleka kidole niizibe, nikakumbuka ile ya kutoboa ngozi, nikarudisha mkono haraka, kiwiko kikagonga boneti. Nikapaza tena: "WASHA!" Naye huko ndani, kwa hasira kabisa: "Si ndio naendelea, kaka!"

Aliacha betri ilipochoka. Akashuka, akanitazama, na kabla hajauliza kama ni mzima akatoa simu.

Nikasukutua, nikakaza nati, tukabusti betri, ikawaka, tukashangilia, ikazima. Jamaa akaondoka. Jioni nikaita fundi. Nozeli hata hakuziangalia. Alipitisha kidole pembeni ya filta, pale palipolowa, akaifungua, akachokonoa na bisibisi, akanionyesha oringi mbili, yale mapira ya duara ya kuziba uvujaji. Ya zamani ilibaki imenata kule juu, nami nikafunga filta mpya na oringi yake juu yake. Ukiminya pampu, dizeli inavuja pale. Injini ikianza kufyonza, inafyonza hewa palepale. Ningetoa upepo mpaka nizeeke. Akasafisha, akafunga, akaminya kidogo, ikawaka, na mpaka naandika haijazima tena.

Fundi akauliza mbona nanukia hivi. Nikasema ni kazi.

Kwa hiyo ya kunywa dizeli naikubali, isambazeni. Ya oringi jamaa haijui, na namjua vizuri, hasomi maandishi marefu. Akiwauliza, semeni filta ilikuwa mbovu.