Msitusifie nyanya za Biratori huku mkilificha bwawa

Nimechoshwa na makala za utalii zinazosifu nyanya za Biratori, nyama ya ng'ombe wake na michongo ya Waainu, jamii ya asili ya kaskazini mwa Japani, kisha zikamalizika bila kutaja bwawa. Mji huo mdogo wa wakulima, ulio kando ya mto Saru kusini mwa kisiwa cha Hokkaido, unastahili sifa hizo zote. Lakini kulificha bwawa la Nibutani ni kumnyima msomaji sehemu nzito zaidi ya habari yenyewe.

Nibutani ni kitongoji cha Biratori ambamo Waainu ni sehemu kubwa ya wakazi kuliko karibu mahali pengine popote nchini Japani. Waliishi kwa samoni, kulungu na mazao ya msitu, hadi serikali ilipowakataza kuvua samoni mtoni na, kwa sheria ya mwaka 1899, ikawagawia vipande vya ardhi visivyozidi hekta tano kwa sharti la kuvilima. Kayano Shigeru, mzaliwa wa Nibutani, alisimulia jinsi polisi walivyomkamata baba yake kwa kuvua samoni wa kuwalisha wanawe. Waainu wakawa wakulima kwa kulazimishwa, wakaizoea ardhi hiyo na kuirithisha watoto wao. Kisha serikali ikarudi kuichukua.

Ilirudi kwa sababu ya maji. Bwawa lilipangwa kuhudumia eneo la viwanda mashariki mwa mji wa Tomakomai, na viwanda vilivyotarajiwa vilipokosa kuja, mradi haukuachwa, bali ulitafutiwa sababu nyingine. Kayano na Kaizawa Tadashi walikataa kuuza mashamba yao, nayo yakatwaliwa kwa nguvu. Kaizawa alipofariki, mwanawe Koichi alisimama mahali pake mahakamani pamoja na Kayano, ambaye mwaka 1994 aliingia katika baraza la juu la bunge akiwa Mwainu wa kwanza kufika huko.

Tarehe 27 Machi 1997, Mahakama ya Wilaya ya Sapporo ilitamka kwamba utwaaji huo ulikuwa kinyume cha sheria, kwa kuwa serikali haikupima ipasavyo madhara ambayo bwawa lingeuletea utamaduni wa Waainu, na ikawatambua kuwa watu wa asili. Hata hivyo bwawa lilikuwa limekwisha kujengwa, na mahakama ikaona kwamba kulibomoa kungedhuru maslahi ya umma; basi likabaki. Hukumu hii inaniuma kila ninapoisoma, kwa maana inamfundisha mwenye nguvu kuharakisha ujenzi wakati mnyonge angali anatafuta haki yake, akijua kwamba saruji ikikauka hakuna atakayeigusa. Maji yalifunika mashamba, na yalifunika pia sehemu walizozitumia kwa ibada zao, ambazo hakuna fidia ya fedha inayoweza kuzirudisha. Tena mwaka 2022 bwawa jingine, lenye jina la Biratori yenyewe, lilikamilika kwenye tawi la mto huohuo.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba mabwawa hayo hupunguza mafuriko, na kwamba wakulima wa nyanya walio bondeni wanahitaji kinga hiyo. Nakubali pia kwamba kitambaa cha Nibutani kinachofumwa kwa nyuzi za gome la mti, pamoja na sinia zake za mbao, vilipewa hadhi rasmi ya sanaa za jadi mwaka 2013, na mafundi wake wanapata riziki ya halali.

Lakini sheria ya mwaka 2019, iliyowatambua Waainu kuwa watu wa asili, haikuwarudishia ardhi wala mto. Waainu wa Urahoro, mji mwingine wa Hokkaido, walipodai haki ya kuvua samoni, mahakama ileile ya Sapporo iliwakatalia mwezi Aprili 2024. Serikali inayojivunia vitambaa na sinia za Nibutani iwaruhusu watu wa Nibutani kuvua samoni wa mto Saru kwa chakula chao, na si kwa kibali cha kuvua kwa ajili ya sherehe peke yake.