Maharage Sita

Jumapili ya juzi chama chetu cha kufa na kuzikana kilimkataa mtu. Kiingilio alikuwa nacho, kimekunjwa ndani ya bahasha ya kaki, na wadhamini wawili alikuwa nao. Mmoja wao ni mimi. Tukapiga kura kwa mtindo wetu wa siku zote: ndoo ya rangi yenye tundu kwenye mfuniko inazungushwa, kila mwanachama anatumbukiza punje moja. Hindi, unamkubali. Haragwe, humtaki. Tulikuwa watu 31 chini ya mwembe. Katibu akaimwaga ndoo kwenye ungo, akaanza kutenganisha kwa kidole, taratibu, kama mtu anayechambua mchele wa wageni. Mahindi 25. Maharage 6. Na katiba yetu inasema matano yanatosha.

Kosa lake ni kwamba alishafungwa. Aliiba injini ya boti kwenye mwalo mmoja wa Ukerewe akiwa kijana, akakamatwa, akahukumiwa, akakaa Butimba mpaka kifungo kikaisha. Sasa ana mke na watoto wawili, amepanga chumba na sebule huku kwetu Igogo, Mwanza, juu kule ambako hata bodaboda anakuteremsha nusu ya njia na kukuambia miamba iliyobaki umalizie mwenyewe.

Sasa niulizeni nani alimchongea. Hakuna! Hapo ndipo damu inaponichemka. Hakuna mtu Igogo aliyekuwa anajua. Kesi ilikuwa kisiwani huko, miaka imepita, na kwenye fomu yetu ya karatasi moja hakuna hata mstari unaouliza habari za jela. Kifungu cha "asiwe amewahi kutiwa hatiani" kipo kwenye katiba, ukurasa wa mwisho, na nina hakika nusu ya wanachama walikisikia siku ile kwa mara ya kwanza. Mtu mwenyewe alisimama, akavua kofia, akasema, "Shikamooni wazee wangu. Kabla hamjapokea hela yangu, nataka mjue nilishafungwa kwa wizi. Nisingependa mje kuambiwa na mwingine." Akakaa. Kukawa kimya mpaka tukasikia honi ya meli bandarini.

Mimi nilidhani tutampigia makofi. Jinga mimi.

Maana angenyamaza angepita. Angepewa kitabu cha michango siku ileile na soda juu. Tumemwadhibu kwa kusema kweli, na tumewafundisha wote waliokuwa pale kwamba ukiwa na jambo lako, lifukie. Wapo waliojifunza zamani. Kuna mwenzetu, simtaji, yeye anajijua na mkewe anajijua, alikopa fedha za rambirambi akazungushie biashara ya mabondo ya samaki "kwa wiki mbili tu, ndugu zangu". Mvua za vuli zimekuja zikaondoka, za masika zimekuja zikaondoka. Hajawahi kulala hata rumande. Kwa hiyo kwa katiba yetu huyo ni msafi, ana haki ya kushika punje na kuamua nani ana tabia njema. Niliona mkono wake ulivyoingia mfukoni. Sisemi alitoa nini. Nasema tu kwamba hakuhitaji kuchagua muda mrefu.

Wakati kura inahesabiwa kijana mmoja nyuma akasema, "Hiki chama kimekuwa Freemason." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, halafu usiku nikakaa nikafikiri. Mwanza ukitaja Freemason watu wanawaza damu na utajiri wa ghafla, na matapeli wanajua, ndiyo maana ujumbe wa "jiunge upate mafanikio" hauishi kwenye simu. Wenyewe halisi hawabandiki namba kwenye nguzo za umeme. Marehemu Sir Andy Chande, aliyekulia Bukene huko Tabora, alikuwa kiongozi wao mkubwa Afrika Mashariki na hakujificha. Utaratibu wao wa Kiingereza, ambao umeanzia London mwaka 1717, unataka uamini kuwa kuna Mungu, upendekezwe na wanachama wawili, kisha upigiwe kura ya siri kwa vigololi, na vyeusi vitatu vinatosha kukuweka nje. Mnaona? Sisi na ndoo yetu ya rangi hatujapishana nao sana. Ila wao, mtu aliyewahi kutiwa hatiani wanamtaka aseme mapema, kabla ya kura, na kuficha ndiko kunakomharibia. Sisi aliyesema mwenyewe ndiye tuliyemtupa. Halafu tunawaita wao watu wa giza.

Tena wale ni watu wa chakula cha jioni na tai. Wakikukataa unarudi nyumbani unakula ugali wako, maisha yanaendelea. Chama cha kuzikana ni habari nyingine. Asiye na chama akifa Igogo, daftari la shule linapitishwa mlango kwa mlango, watu wanaandika elfu moja, elfu mbili, na wengine wanaandika ahadi. Kwao ni Ukerewe. Maiti inalipiwa gari, inalipiwa kivuko, inalipiwa na wasindikizaji. Wa Sengerema na Geita angalau wamepata nafuu tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lifunguliwe mwaka 2025. Mtu wa kisiwani bado anamtegemea kapteni. Kwa hiyo tulichomnyima yule bwana si heshima. Tumemwambia mkewe kwamba siku ikifika, atajua mwenyewe.

Na sijawaambia la majeneza.

Ufundi seremala aliupata gerezani. Leo ana kibanda chake, na majeneza ya chama chetu anatengeneza yeye. Siyo moja. Mwaka huu tu matatu. Anatupunguzia bei kwa sababu, maneno yake, "hawa ni majirani". Mzee wetu aliyefariki mwezi wa nne alilala kwenye mbao zilizopigwa randa na mikono ileile iliyobeba injini. Nilikwenda mwenyewe kulichukua. Alikuwa anapitisha msasa ndani ya jeneza, ndani kabisa, mahali ambapo kitambaa kingefunika na jicho la mtu lisingefika. Nikamuuliza, huko kwa ndani kuna haja gani? Akasema, "Si ndiko anakolala, kaka?"

Basi mikono hiyo inatufaa kutulaza, haitufai kushika kitabu cha michango.

Mtaniambia habari za wazee, kwamba Wasukuma hawakuwa na mchezo na mwizi. Kweli kabisa. Sungusungu walipoanza huku kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1980 hawakuwa wanaandika barua za onyo. Na adhabu iliyotisha kuliko fimbo ilikuwa kutengwa: huombi moto kwa jirani, hakuna anayekusalimia, ukifiwa unachimba kaburi peke yako. Lakini wanaopenda kuitaja hiyo wanaikata katikati. Aliyetengwa alikuwa na njia ya kurudi. Alitozwa faini, kijiji kinakula, na kuanzia hapo ni mwenzenu. Yaani wale tunaowaita wakali walikuwa na mlango. Na nchi nayo ina wake, kila Desemba 9 tunasikia Rais amewasamehe wafungwa, mamlaka aliyopewa na Ibara ya 45. Rais anaweza. Katibu wetu, mwalimu mstaafu, muumini wa kwaya, hawezi, kifungu kimembana.

Nikubali kitu kimoja, ingawa kwa shingo upande. Kuna mzee katika chama aliyewahi kuibiwa injini. Siyo na huyu, na mwizi mwingine, ziwani huku huku. Aliuza ng'ombe wanne kununua nyingine, na mwanawe mkubwa akaacha shule mwaka ule. Yeye hakuficha haragwe lake, alilishika juu watu wote walione, akasema, "Mimi siwezi, nisameheni." Huyo simlaumu. Hata wenye hofu ya sanduku la fedha nawaelewa: msimpe uhazini. Mpeni miaka kumi bila cheo, mkipenda mpeni ishirini, yeye mwenyewe hakuomba cheo. Lakini yale maharage mengine matano yaliyoingia kimya kimya, kwa watu wasiowahi kumiliki hata kasia, hayo naomba mwenyewe mmoja ajitokeze aniambie ameibiwa nini.

Kila mwaka ifikapo Mei 21 huwa napita Igoma, kwenye makaburi ya MV Bukoba. Nilikuwa mdogo meli hiyo ilipozama mwaka 1996, nakumbuka zaidi harufu ya dawa na akina mama waliokuwa wanatembea na picha mkononi. Wengi waliolala pale hawakutambuliwa hata majina. Walizikwa pamoja, na walioshika majembe hawakuuliza nani alikuwa mchungaji na nani alikuwa anatoroka deni Bukoba. Hakukuwa na ndoo wala ungo.

Nimeandika barua ya kuomba kifungu kile kijadiliwe. Katibu ameipokea, ameisoma mpaka mwisho, akanirudishia. Zinatakiwa nakala tatu.

Wakati nakala zinachapwa, Alhamisi tukafiwa. Mama mmoja wa kwetu, mwanachama wa siku nyingi. Oda ya jeneza ikaenda pale pale inapokwendaga, hakuna aliyeona ajabu. Jamaa alilileta saa nne asubuhi juu ya guta, analisukuma mwenyewe kwa nyuma kwenye kile kilima, shati limelowa mgongoni. Hakuingia chini ya turubai, alisimama karibu na wapishi. Mhazini akamfuata na hela. Akazihesabu mara mbili mbele yake, kisha akamwomba risiti. Hakuwa na kitabu cha risiti, kwa hiyo alichana kipande cha boksi la misumari, akatoa penseli nyuma ya sikio, akaandika: "Nimepokea kutoka kwa chama chetu." Akatazama alichoandika. Akalikata lile neno la mwisho, akaandika juu yake "chenu", akatia sahihi.