Kufuta matokeo ni jambo moja, kumwadhibu mtoto ni jingine

Mwanzoni mwa Desemba 2022 Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, lilitangaza matokeo ya darasa la saba. Waliofanya mtihani walikuwa 1,350,881. Kati yao 2,194 hawakuwa na matokeo: yalifutwa kwa udanganyifu. Ni asilimia 0.16 tu, na kwa mtu wa takwimu habari inaishia hapo. Majumbani kwa watoto hao ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Kabla mwezi haujaisha Serikali iliamua warudie mtihani, nao wakaurudia.

Uamuzi ule uliwagawa watu. Wapo walioona Serikali imewalegezea kamba wadanganyifu, na wapo waliouliza mtoto wa miaka kumi na mitatu amekosa nini. Mimi naona pande zote mbili zilikuwa na hoja, ila zilikuwa zinajibu maswali mawili tofauti. Swali la kwanza: alama hizi ni za kweli? La pili: nani alitenda kosa, naye afanywe nini? Taratibu zetu zinayajibu yote mawili kwa neno moja, "kufutiwa".

Tuanze na wanaotetea kufuta. Alama ya darasa la saba ndiyo inayoamua nani aende wapi. Shule za vipaji maalumu kama Ilboru, Kilakala na Mzumbe huchukua wenye alama za juu, na nafasi zake zinahesabika. Mtoto akibebwa na majibu ya kupewa, yupo mwingine, pengine wa kijiji kisicho na umeme, aliyesoma kwa jasho lake na sasa amesukumwa nje ya orodha. Huyo hatajua kamwe kwamba aliibiwa, wala hakuna atakayemwandikia barua ya pole. Kwa ajili yake, matokeo yenye shaka iliyothibitika lazima yafutwe. Sheria ya Baraza, Sura ya 107, pamoja na Kanuni za Mitihani za mwaka 2016, zinalipa Baraza mamlaka hayo, na sioni sababu ya kuyapunguza.

Shida inaanza pale tunapoulizana nani alidanganya. Oktoba 2018 Baraza lilifuta matokeo ya darasa la saba ya shule zote za msingi za Wilaya ya Chemba, mkoani Dodoma, pamoja na ya shule nyingine kadhaa za Dar es Salaam, Mwanza na Kondoa. Wilaya nzima! Haiwezekani watoto wa wilaya nzima wakapanga njama ya kufungua bahasha za mitihani. Pepa linapovuja kwa kiasi hicho limepita mikononi mwa watu wazima waliokabidhiwa kulilinda. Watoto wale walirudia mtihani siku chache baadaye, na hilo lilikuwa la haki. Lakini fikiria mtoto wa darasa la saba ambaye mwalimu wake, mtu anayemwamkia shikamoo kila asubuhi, anamwambia: "Andikeni haya." Atasema hapana kwa ujasiri gani? Tumemlea miaka saba amtii huyohuyo.

Kuna pia suala la ushahidi. Mtihani wa darasa la saba sehemu kubwa ni maswali ya kuchagua jibu, na tangu 2012 karatasi za majibu husahihishwa kwa mashine. Mashine hurahisisha kulinganisha majibu ya watahiniwa wa chumba kimoja. Kufanana kwa majibu sahihi hakuna ajabu, kwani jibu sahihi ni moja. Kinachotia shaka ni makosa kufanana: watoto thelathini wakikosea maswali yaleyale na wote wakachagua herufi ileile isiyo sahihi, kuna mkono umepita. Ushahidi wa namna hiyo una nguvu, lakini una mipaka miwili ambayo watetezi wa adhabu kali huipita haraka mno. Wa kwanza, darasa lililofundishwa mada vibaya na mwalimu mmoja nalo litakosea pamoja. Wa pili, na huu ndio mzito, mfanano hauonyeshi upande. Mtoto aliyepiga chabo na mtoto aliyepigwa chabo bila kujua karatasi zao zinafanana sawasawa. Alama unaweza kuzitilia shaka zote mbili. Kosa huwezi kuwabebesha wote wawili.

Ndiyo maana nasema kufuta alama na kuadhibu vitenganishwe. Kufuta ni kusema namba hii haituelezi anachojua mtoto huyu. Ukishasema hivyo, hatua inayofuata yenyewe ni kumpima upya. Kumwacha bila matokeo ni adhabu, na adhabu inataka mkosaji aliyethibitika.

Mfano wa wazi wa mchanganyiko huu uko kwenye matokeo ya kidato cha nne ya mwaka huohuo wa 2022. Watahiniwa 337 walifutiwa, na wanne kati yao kwa sababu ya kuandika matusi kwenye karatasi za majibu. Tusi ni utovu wa nidhamu, na kijana yule astahili kuitwa na kuulizwa. Lakini tusi halifanyi majibu yake mengine yawe ya wizi. Hapo kufuta kumekuwa fimbo, hakuhusiani tena na ukweli wa alama.

Hoja inayoniumiza kichwa ni hii: kama kurudia kumehakikishwa, nini kitamzuia mwenye shule kujaribu? Akifanikiwa anapata wastani wa kutangazia biashara, akishindwa wanafunzi wake wanarudia tu. Hofu hiyo ni ya kweli. Nadhani ndiyo iliyokuwa nyuma ya uamuzi wa Baraza, Januari 2023, wa kuacha kutangaza shule kumi bora, likisema kwamba utaratibu ule uliishia kuzifanyia shule matangazo ya kibiashara. Lakini ukitazama vizuri, hesabu ile ni ya mwenye shule, na jibu lake ni gharama iliyo juu ya mwenye shule: kituo kufungwa, yeye kulipia mtihani wa marudio, msimamizi na mwalimu kufikishwa mahakamani. Kumtoza mtoto hakubadilishi hesabu ya mtu mzima hata kidogo.

Majirani zetu Kenya walipitia haya kwa machungu. Mwaka 2015 matokeo ya watahiniwa 5,101 wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini humo, yalifutwa. Mwaka uliofuata Waziri wa Elimu Fred Matiang'i alivunja bodi ya baraza la mitihani, George Magoha akapewa uenyekiti, mitihani ikafungiwa kwenye makontena na wakuu wa shule wakawajibishwa kwa vituo vyao. Gredi A zikaporomoka kutoka 2,685 hadi 141. Wapo wanaodai usahihishaji wa mwaka ule ulikuwa na kasoro zake, na dai hilo halifai kupuuzwa. Hata hivyo mageuzi yale yalianzia kwenye sanduku la mitihani na watu wanaoshika funguo zake.

Kwetu, marudio ya 2018 na ya 2022 yote yalitokea kwa uamuzi wa wakati ule. Mwaka ambao kelele hazikusikika, au waliofutiwa ni wachache na wa mbali, mtoto anabaki na nini? Wa kidato cha nne anaweza baadaye kujisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea. Wa darasa la saba hana mlango huo. Kwa hiyo ningetaka Kanuni za Mitihani zitaje wazi, kwa ngazi ya msingi: marudio ndani ya siku zinazojulikana, kwenye kituo kingine, chini ya wasimamizi wa wilaya nyingine, gharama kwa aliyevujisha, na mzazi aonyeshwe kwa maandishi kilichopatikana kwenye karatasi ya mwanawe kabla jina lake halijaingia kwenye orodha ya wadanganyifu.